Mguu Mzima wa Mbuzi, Mtu Mmoja: Stori ya Kiporo Ukambani

Siku moja ukiwa tao Nairobi, fuata Muindi Mbingu Street mpaka City Market, uingie upande wa bucha. Utapata mbavu zimening'inia, miguu mizima ya mbuzi, na wasee wa aproni nyeupe wanakuita "kastoma" kabla hata hujaamua unataka nini. Ukishanunua robo yako, toka nje usome tena jina la barabara. Huyo Muindi Mbingu, jina lake kamili Samuel Muindi Mbingu, ndiye aliyeongoza Wakamba mwaka wa 1938 kukataa ng'ombe wao wageuzwe nyama kwa lazima. Na leo barabara yake ndiyo watu wanakwenda kununua nyama. Kama ni utani, ni utani mzuri sana.

Nimeanza na yeye kwa sababu kuna swali ambalo vijana wa Kitui na Makueni tunaoishi peke yetu kwa bedsita tunaulizana kila Januari. Krismasi imeisha, umerudi kwa keja yako, na kwa begi kuna mguu mzima wa mbuzi uliofungwa kwa gazeti na mfuko wa plastiki kutoka nyumbani. Kilo mbili, labda tatu. Wewe ni mmoja. Una jiko la gesi la burner moja, sufuria mbili, na friji labda ni ya jirani. Unafanya nini na hiyo nyama yote?

Nimeona majibu mengi ya hilo swali online na karibu yote ni ya mtu aliye na friza kubwa na oveni. Sawa, lakini mimi nataka tulitazame kwa upande mwingine, upande wa historia. Nilipoanza kuuliza wazee wetu walikuwa wanafanyaje na nyama kubwa, niligundua swali lenyewe ni jipya kabisa. Ukambani hakukuwa na nyama kubwa ya mtu mmoja. Hicho kitu hakikuwepo.

Fikiria hesabu yake. Mbuzi wa kienyeji ukimchinja anakupa kilo kumi na kitu za nyama. Ng'ombe wetu wadogo wenye nundu, hata wakiwa wembamba, wanatoa nyama ya kulisha kijiji. Na Kitui unaijua jua lake. Nyama ikilala nje mchana mmoja, kesho yake unaisikia kabla hujaiona. Kwa hivyo siku ya kuchinja ilikuwa siku ya kugawa. Kila sehemu ya mnyama ilikuwa na mwenyewe: kuna ya wazee pale thome, kuna ya akina mama, kuna ya vijana, kuna ya aliyechinja, na watoto walijua ni kipande gani wangojee. Watu wakisikia hivyo wanasema "aki wazee wetu walikuwa na roho safi." Roho safi ilikuwepo, sikatai, lakini ilikuwa pia akili ya kuweka akiba. Leo nakupa mguu wa mbuzi wangu, mwezi ujao ukichinja wako unanipa wangu. Nyama yangu nimeihifadhi ndani ya deni lako. Hiyo ni friji isiyotumia stima.

Na friji ya pili ilikuwa mnyama mwenyewe. Hii watu wengi hawaielewi, hasa waliosoma shule za mjini kwamba mfugaji anapenda tu kuhesabu ng'ombe ili ajisikie tajiri. Ng'ombe hai haharibiki. Anatembea, anakula nyasi ambayo wewe huwezi kula, anakupa maziwa, analipa mahari, na siku mvua ikikataa unamwuza ununue nafaka. Nyama bora ya kuhifadhi ni ile ambayo bado ina miguu minne.

Pale ambapo nyama ilizidi kweli ni msituni. Wakamba walikuwa wawindaji wakali sana, upinde na mshale wa sumu, na Kitui ndiko misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inatoka kuelekea Mombasa karne ya 19. Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa ambaye Krapf alimtembelea Kitui mwaka wa 1849 (ndiyo safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya), alijenga jina lake kwa hiyo biashara. Sasa hebu fikiria wanaume wachache wameangusha ndovu mbali na nyumbani. Hapo ndipo una nyama kubwa na midomo michache. Huwezi kuibeba ikiwa mbichi, huwezi kuila yote, na fisi wameshapata habari. Unaikata vipande virefu vyembamba, unaviweka juani na juu ya moshi mpaka vikauke, vikawa vyepesi vya kubebeka. Maji yakitoka kwa nyama, wadudu wa kuiozesha hawana pa kuishi. Sayansi yote ni hiyo, na watu waliijua kwa mikono kabla ya mtu yeyote kuiandika.

Susu yangu upande wa Kitui anasema mamake alikuwa na kamba juu ya mafiga, moshi wa kila siku ukipita pale pale, na nyama ya kukauka ilikuwa inaning'inia hapo kama nguo. Mgeni akija ghafla, kipande kinachomolewa, kinapondwa kidogo, kinatupwa kwa sufuria ya nzuu. Nzuu ni mbaazi, kwa nyinyi msio wa kwetu. Kipande kimoja kikubwa kama kidole kinatosha kutia ladha chakula cha watu sita. Hiyo nguvu ya nyama ya kukauka usiidharau. Majirani wetu wa kaskazini, Waborana na Wasomali, wameipeleka hatua moja mbele na nyirinyiri: nyama inakaushwa, inakatwa vidogo, inakaangwa kisha inalala ndani ya mafuta yake, na inakaa miezi bila friji.

Sasa turudi 1938, maana hapa ndipo stori inapata moto.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa inaangalia milima ya Machakos na kuona udongo unaondoka. (Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, ilikuja kuwa wilaya yake mwaka wa 1992. Kwa hivyo watu wa Makueni, hii ni stori yenu pia.) Mmomonyoko ulikuwepo, hiyo si propaganda. Lakini ardhi nzuri ya karibu ilikuwa imechukuliwa na walowezi wazungu, na Wakamba walikuwa wamefinywa ndani ya rizavu. Serikali ikaamua shida ni ng'ombe. Ng'ombe ni wengi mno, wamezidi, wapunguzwe.

Na wanunuzi walikuwa tayari. Kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Hii kampuni ina historia inayonifurahisha na kuniudhi pamoja. Ilianza mwaka wa 1865, kwa jina la mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig, na kiwanda chake maarufu kilikuwa Fray Bentos kule Uruguay. Huko ng'ombe walikuwa wanachinjwa kwa ajili ya ngozi, nyama ikabaki haina mnunuzi kwa sababu Ulaya ilikuwa mbali na friji za meli zilikuwa bado. Liebig akaja na wazo: ichemshe hiyo nyama mpaka ibaki uji mzito mweusi, uweke kwa chupa, uuze London. Karibu kilo 30 za nyama zilitoa kilo moja ya huo uji. Vile vichemraba vya mchuzi unavyovunja kwa supu yako leo, babu yao ni huyo. Kwa maneno mengine, Liebig ilikuwa kampuni ya kiporo. Ilitajirika kwa kuchukua nyama ambayo mahali fulani ilionekana ni mabaki.

Uruguay ilikuwa mabaki kweli. Machakos haikuwa. Hapo ndipo mimi naona kosa lote la 1938 lilipo. Ofisa alimwona ng'ombe mwembamba amesimama kwa nyasi kidogo akaandika "ziada". Mwenye ng'ombe alimwona huyo huyo akaona nafaka ya ukame unaokuja, na mahari ya kijana wake, na deni la jirani. Neno "ziada" lina nguvu sana. Mtu akishapata ruhusa ya kukuambia kitu chako fulani kimezidi, umeshapoteza nusu ya kitu hicho.

Na hawa watu hawakuwa wanaongea nadharia. Wazee waliokuwa hai 1938 walikuwa wamepitia mwisho wa miaka ya 1890, wakati sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe na kisha ukaja ukame wa Ngomanisye, ule ambao Wakamba bado wanautaja kama njaa mama ya njaa zote. Walijua vizuri boma tupu linafananaje.

Ng'ombe wakaanza kuchukuliwa. Zaidi ya 2,000 walikamatwa na kupelekwa mnadani, bei za kutupa. Watu wakaunda chama, Ukamba Members Association, Muindi Mbingu akiwa mbele. Mwishoni mwa Julai 1938 zaidi ya watu 1,000, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari ya kilomita 60 na zaidi hadi Nairobi kumwona gavana. Hawakuja na mawe. Walikuja wakakaa. Wiki zikapita wakiwa wamepiga kambi mjini, wakisema hawarudi mpaka waongee na Gavana Robert Brooke-Popham mwenyewe. Fikiria hiyo logistiki, bana: watu wengi hivyo, wiki kadhaa, mji wa wenyewe, na lazima wale kila siku. Vitabu huongea kuhusu viongozi, lakini mimi huwa najiuliza kuhusu aliyekuwa anapika.

Mwishowe gavana alikwenda Machakos kwa baraza. Muindi Mbingu alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya 1938 kuisha, serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Serikali ilikuwa na hofu nyingine pia: Wakamba walikuwa wengi sana ndani ya jeshi la King's African Rifles na polisi, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Huwezi kuchukua ng'ombe wa baba na wakati huo huo unataka mtoto akushikie bunduki.

Halafu vita vikaja mwaka uliofuata, na majeshi yakahitaji kulishwa, na ng'ombe wa Afrika Mashariki wakatafutwa kwa njia nyingine. Na hapa kuna kitu ambacho naona ni muhimu kwa swali letu la bedsita. Nyama ya mkebe, ile ambayo askari wa Uingereza walibeba kwa vita vyote viwili, ni nyama iliyotengenezwa kwa makusudi iwe ya mtu mmoja. Askari mmoja, mkebe mmoja, hakuna cha kugawa, hakuna mfupa, hakuna wa kumngojea. Ng'ombe aliyekuwa na sehemu ya wazee na sehemu ya akina mama, anaingia kiwandani anatoka vipande vilivyo sawa, kila kimoja na kifuniko chake. Kiwanda hakikukata nyama peke yake.

Athi River haikuisha hapo. Kenya Meat Commission iliundwa mwaka wa 1950, na kiwanda chake kikubwa mpaka leo kiko Athi River. Ukipita Mombasa Road ukienda Wote au Kibwezi, uko karibu kabisa na mahali hayo mambo yalianzia.

Sasa, kuwa mkweli: friji ya miguu minne ina shida yake, na shida hiyo ina jina. Mwaka wa 1984 ulikuja ukame ambao Wakamba waliuita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua. Ukame ukija, kila mtu anauza mnyama wiki moja, bei ya mnyama inaanguka na bei ya mahindi inapanda, na waliokosa wa kuuzia wanaona wanyama wanakufa. Nyama nyingi kwa wakati mmoja na hakuna anayeitaka. Kwa hivyo yule ofisa wa 1938 alikuwa ameona kitu cha kweli, kwamba kuweka kila kitu kwa ng'ombe ni hatari. Lakini jibu lake lilikuwa kumchukua ng'ombe. Hakumpa mwenyewe soko la haki, wala namna ya kuhifadhi nyama kabla mnyama hajakonda. Na ile milima yenye udongo unaokimbia iliokolewa baadaye na watu wenyewe, kwa majembe, vikundi vya mwethya vikichimba matuta mteremko baada ya mteremko. Ukienda leo unayaona.

Mimi naishi kwa nyumba ambayo milango yake yote inafanana, na kila mlango una mtu mmoja na mtungi mmoja wa gesi. Kama mkebe wa mtu mmoja mmoja, kweli. Kwa hivyo mguu wa mbuzi unapofika hapa, unaleta shida ambayo haikuwa yake. Mguu haukuzidi. Watu ndio wamepungua.

Hii ndiyo namna ninavyoufanya, na nimeichota kwa susu zaidi kuliko kwa video zozote.

Siku ya kwanza ni ya kisu. Usiupike mzima hata kama picha itatoka fiti. Tenga nyama ya paja iliyo laini, tenga mafuta, tenga mifupa. Mifupa inaingia kwa sufuria na maji, chumvi, kitunguu, tangawizi, moto mdogo, masaa mawili au matatu. Hiyo ndiyo supu ya usiku huo, na nyingine inabaki. Mafuta unayayeyusha polepole peke yake, unachuja, unaweka kwa jagi la glasi. Hayo ndiyo utakaangia wiki mbili.

Nyama laini unaikata mara mbili. Nusu, vipande vya kawaida, unachemsha mpaka iive kisha ukaange ikauke maji kabisa. Ikiwa na friji, siku tatu, nne hivi, iko salama. Bila friji, ichemshe tena vizuri kila asubuhi na kila jioni na uimalize haraka, usijidanganye na harufu. Chakula cha nyama kisikae kwa meza zaidi ya masaa mawili ukiangalia series, hasa Kitui, hasa Machi.

Nusu ya pili ndiyo ya kukausha. Kata nyembamba kama kamba ya kiatu, kwa kufuata nyuzi za nyama, paka chumvi ya kutosha na pilipili. Kwa nyumbani, jua la Mwingi linafanya kazi yote ukifunika na neti ya nzi. Kwa keja ya Nairobi Julai, sahau jua. Tumia sufuria nzito, moto mdogo kabisa, mafuta yale uliyeyusha, na subira, mpaka vipande viwe vigumu na vyeusi kidogo. Unavilaza ndani ya mafuta hayo hayo, juu yafunike kabisa. Ni nyirinyiri ya maskini na najua Mborana wa kweli atanicheka. Mimi huweka jagi langu kwa friji hata hivyo, sina moshi wa miaka ishirini juu ya jiko langu.

Halafu muthokoi. Ichemshe na nzuu, na badala ya maji ya mwisho tia ile supu ya mifupa, kisha utupe vipande vitatu vya nyama kavu dakika kumi kabla ya kuepua. Chakula cha siku tatu, na ladha inazidi kuwa nzuri siku ya pili. Kiporo cha muthokoi na chai ya asubuhi, wacha nisiseme zaidi.

Na kipande cha chini cha mguu, kile chenye mfupa mwingi na nyama kidogo ya kunata, hicho sikipiki peke yangu. Mlango wa pili kuna dada wa Mbooni, wa nne kuna jamaa wa Mutomo. Nabisha hodi na bakuli. Mwezi uliopita jamaa wa Mutomo alirudisha bakuli likiwa na asali.

Kama kwenu kulikuwa na kamba ya nyama juu ya mafiga, muulize susu au umau walitumia moshi wa mti gani, kisha uniambie. Wangu anasema mti ulikuwa na maana kuliko chumvi, na tumebishana naye tangu Desemba.